Mpemba yetu si ya karafuu

Najua wiki hii kila mtu ameinamia madesa, na mimi rundo langu lipo hapa mezani linanitazama. Lakini kuna kitu nimekaa nacho moyoni tangu likizo, na nikiendelea kukaa nacho kitanipotea, kwa hiyo leo nakimwaga hapa. Ni historia, ila usikimbie, hiki hakitoki kwenye pepa.

Kwanza tumalize suala la jina. Kila nikijitambulisha hapa chuoni kwamba natoka Mpemba, watu husikia kitu kingine. Wana wa Zanzibar huchangamka: "Mpemba wa wapi, Wete au Chake?" Kisha wananiangalia vizuri, wanasikia na lafudhi yangu ya Nyanda za Juu, wananyamaza. Wana wa fizikia nao huuliza kama nina undugu na Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Magamba Sekondari ambaye mwaka 1963 alikuwa akitengeneza aiskrimu akaona mchanganyiko wa moto umeganda kabla ya uliopoa. Walimcheka, lakini mwaka 1969 akatoa makala pamoja na Denis Osborne na dunia nzima ikaanza kuliita jambo lile kwa jina lake. Jamani, mimi si Mpemba wa karafuu wala si Mpemba wa barafu. Mpemba ninayoisema ni kata ya Mji wa Tunduma, mkoa wa Songwe, na wengi wenu mmepita pale mkiwa mmelala.

Ukitoka Mbeya kwenda Zambia unapita Mbalizi, Mlowo, Vwawa, halafu kabla hujafika Tunduma, zikiwa zimebaki kama kilometa kumi hivi, konda anauliza, "Mpemba wapo?" Hapo ndo kwetu. Barabara kuu inaendelea mbele hadi mpakani. Kushoto inachepuka barabara ya Ileje, kilometa 50.3 mpaka Isongole, ambako ng'ambo yake ni Malawi. Yani ukisimama pale njia panda una nchi moja mbele na nchi nyingine kushoto. Kuna maduka, maghala ya mazao, vibanda vya chipsi na mahindi ya kuchoma, bodaboda wamejipanga, na upepo wa baridi wa mwezi wa saba ambao mtu wa Dar hawezi kuuvumilia bila koti mbili. Mgeni anaona kituo tu. Ananunua maji, anapanda gari, anaondoka.

Sasa mi nasoma historia, si ndiyo? Nikajiuliza, hivi nikiamua kuandika historia ya kwetu naanzia wapi? Nikaingia maktaba nikatafuta. Vitu vya kwanza nilivyovipata vyenye maelezo ya kutosha kutoka upande wetu havikuwa watu. Vilikuwa mawe, tena yaliyodondoka kutoka angani! Moja ni Kimondo cha Mbozi, kilichopo kule Ndolezi kwenye kilima cha Marengi, kina urefu wa kama mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikuwa wakikijua siku nyingi, lakini vitabu vinahesabu kwamba "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi mmoja aliyeitwa Nott. Jingine lilidondoka Ivuna, wilaya ya Momba, tarehe 16 Desemba 1938. Hilo ni dogo, kama gramu 700 tu, ila ni la aina adimu sana kiasi kwamba wanasayansi wameliita kundi zima la mawe ya namna hiyo kwa jina la Ivuna. Wajapani walipoleta udongo wa asteroidi ya Ryugu mwaka 2020, mojawapo ya vitu walivyoulinganisha navyo ni hicho kijiwe chetu.

Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo. Jiwe lililopita angani likadondoka lina faili kubwa kuliko watu waliokuwa wakilima hapo hapo. Na kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyoona kwamba huo ndo utaratibu wenyewe. Sehemu yetu imeandikwa kila mara kitu fulani kinapopita: msafara, mpaka, jeshi, bomba, reli, lori. Aliyeandika alikuwa anafuata hicho kinachopita. Wanaobaki hawamo, au wamo kama wapagazi. Kwa hiyo nikaamua kuifuata Mpemba kwa njia hiyo hiyo, ila kila nikikuta kitu kinapita nawauliza waliobaki: ninyi mlikifanyia nini?

Twende taratibu.

Kabla ya mpaka kulikuwa na chumvi. Huko huko Ivuna, bondeni karibu na Ziwa Rukwa, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia walichimba mwaka 1966 wakakuta watu walikuwa wakichemsha chumvi pale kwenye karne ya 13 mpaka ya 15. Chumvi haikai ilipotengenezwa, lazima itembee. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba uwanda wetu ulikuwa pori tulivu mpaka Mzungu alipofika, mwambie huyo mtu aende akaonje chumvi ya Ivuna kwanza.

Mwaka 1879 alipita Joseph Thomson, yule Mskochi kijana, akitoka Ziwa Nyasa kwenda Tanganyika, akakatiza nchi ya Wanyamwanga. Miaka miwili baadaye, 1881, tajiri mmoja wa Glasgow aitwaye James Stevenson akatoa pauni 4,000 ili ijengwe barabara ya kuunganisha maziwa hayo mawili. Walitaka bidhaa na wamisionari wapite, na biashara ya watumwa ipoteze nguvu. Barabara ya Stevenson haikukamilika, kwani mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883, na baadaye vita vya Karonga kati ya kampuni ya Waingereza na mfanyabiashara Mlozi vikavuruga kila kitu. Lakini ile njia ambayo haikumalizika ndiyo iliyotukata vipande viwili.

Ilikuwaje? Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini ule mkataba tuliofundishwa kidato cha tatu, wa Heligoland na Zanzibar. Wengi tunakumbuka kisiwa na karafuu tu. Sasa chukua mkataba wenyewe usome kipengele cha mpaka wa kusini. Waingereza waling'ang'ania uwanda wa kati ya Nyasa na Tanganyika ubaki kwao kwa sababu ya ile barabara na misheni zao. Mpaka ukaandikwa hivi kwa kifupi: upande mto Songwe kutoka Ziwa Nyasa, halafu ufuate ukingo wa bonde la mto Kongo, kisha uende mpaka mto Kilambo unaoingia Ziwa Tanganyika. Ramani waliyoitumia ilichorwa mwaka 1889. Tume ya kuweka alama ilikuja miaka minane baada ya mkataba, 1898, na makubaliano ya mwisho yakatiwa saini Berlin mwaka 1901.

Fikiria maana yake kwa mtu wa Mpemba. Mpaka wetu ni mpaka wa mvua! Tone likidondoka upande wa Nakonde linatafuta Chambeshi, linapita Bangweulu, linaingia Kongo na kuishia Atlantiki. Likidondoka upande wetu kaskazini linakwenda Momba na kuishia Ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kutokea. Likidondoka upande wa Ileje linaingia Songwe, Ziwa Nyasa, Shire, Zambezi, mpaka Bahari ya Hindi. Wale mabwana wa London na Berlin waligawa watu kwa kufuata mtiririko wa maji ambayo hawakuwahi kuyaona.

Watu hawakugawanyika kama maji. Wanyamwanga wako pande zote mbili, Zambia wanaitwa Wanamwanga. Ukitaka ushahidi wala huhitaji kumbukumbu za serikali, angalia majina. Kwetu jina la ukoo la mwanaume huanza na Si- na la mwanamke huanza na Na-. Kaka na dada wa tumbo moja, mmoja Si- mwingine Na-, na shuleni mwalimu mgeni anadhani ni watoto wa familia mbili tofauti. Sasa fungua gazeti la Zambia, utayakuta majina hayo hayo. Bibi yangu ana dada yake upande wa Nakonde, na maisha yake yote akienda kumsalimia hasemi "naenda Zambia". Anasema "naenda kwa dada".

Na huko kwa dada kumetokea jambo ambalo mi naona tulipaswa kulisoma hata sisi. Ng'ambo kidogo tu ya mpaka, Mwenzo, palikuwa na misheni ya Waskochi wa Livingstonia. Mwaka 1912 walimu wa misheni, akiwemo Donald Siwale na David Kaunda, baba yake Rais Kenneth Kaunda, walianzisha Chama cha Ustawi cha Mwenzo. Watu weusi waliosoma walikaa kujadili mambo yao, halafu wakayapeleka kwa serikali. Sisi huku tunaanza hadithi ya vyama na Martin Kayamba Tanga mwaka 1922. Miaka kumi kabla ya Tanga, umbali ambao mtu wa Mpemba anatembea kwa siku moja, ndugu zetu walikuwa tayari wanafanya mikutano. Lakini kwa kuwa wapo upande wa pili wa mstari wa mvua, wao wameingia kwenye silabasi ya wengine.

Vita vya Kwanza vikaizima Mwenzo, ikaja kufufuliwa mwaka 1923. Vita vyenyewe vilipita kwetu kwenda na kurudi. Wajerumani na Waingereza walikuwa wakishambuliana mpakani tangu mwanzo, na mwishoni mwa Oktoba 1918 jenerali von Lettow-Vorbeck alipita Mbozi na jeshi lake akielekea Fife, kituo cha Waingereza karibu na Nakonde ya leo. Aliipiga Fife kwa mizinga mwanzoni mwa Novemba, akashindwa kuichukua, akaiacha akaenda Kasama. Tarehe 25 Novemba akakabidhi silaha Abercorn, mji ambao siku hizi ni Mbala. Ulaya vita vilikuwa vimeisha wiki mbili nyuma. Ndo maana nikisikia mtu anasema vita vile vilikuwa vya Wazungu, nafikiria wale waliobeba mizigo kwenye njia hizi. Ng'ambo waliitwa tenga-tenga. Jeshi lililopita kijijini na njaa halikuwa linaomba chakula.

Baada ya vita Mwingereza akawa bwana wa pande zote mbili. Ungedhani mpaka ungefutika, wapi! Kodi ilikuwa mbili, pasi mbili, na wanaume wakaanza kuchagua: aende dhahabu ya Lupa kule Chunya, au aende migodi ya shaba ya Kopabelti? Wengi walikwenda kwa miguu, wengine wakarudi na baiskeli, wengine hawakurudi. Kila ukoo kwetu una mtu aliyebakia Kitwe au Ndola. Ukiuliza jina lake wazee wanalo, ukiuliza aliondoka mwaka gani wanakwambia "mwaka wa nzige".

Halafu ikaja miaka ambayo kwa kweli ilitubadilisha. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake wa Wazungu kule Rhodesia. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru, ikabanwa: mafuta yake na shaba yake vilitegemea njia ya kusini. Mwalimu na Kaunda wakageuza macho kwetu. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kwa njia ya vumbi na matope, madereva wakaiita njia ya jehanamu. Kati ya 1966 na 1968 Waitaliano wakachimbia bomba la TAZAMA, kilometa 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola. Barabara ya Tanzam ikawekwa lami kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Wamarekani na Benki ya Dunia. Na Wachina wakaleta reli, mkataba ukitiwa saini Beijing Septemba 1967, kazi ikaanza Oktoba 1970, na tarehe 27 Agosti 1973 reli ikafika mpakani Tunduma, karibu kilometa 970 kutoka Dar. Yote 1,860 ilikabidhiwa Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walifia kwenye kazi ile.

Angalia ukanda ule ulivyo mwembamba. Ndani ya miaka kumi, Mwitaliano, Mmarekani na Mchina, ambao kwingine duniani walikuwa hawapikiki chungu kimoja, wote wamepitisha kitu chao sehemu ile ile. Kwenye vitabu vya vita baridi hilo ni jambo kubwa sana. Kwenye hivyo vitabu Mpemba haipo.

Hapo ndipo nilipomrudia bibi. Nilimuuliza likizo iliyopita, "Bibi, reli ilipokuja mlifanyaje?" Akaniambia, "Mjukuu wangu, sisi tulisikia usiku kabla ya kuona mchana." Yani kelele na taa za kazi ya usiku ziliwafikia kabla ya reli yenyewe. Nilitegemea anisimulie habari za ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Hakunisimulia. Alinisimulia maharage. Kabla ya reli na lami, maharage yakizidi nyumbani unampa jirani, au yanaliwa na wadudu. Baada ya hapo, ukiyabeba mpaka stesheni au barabarani, kuna mtu ananunua. "Ndipo tukajua kwamba shamba lina bei," akasema.

Nimelifikiria sana hilo neno. Jamie Monson aliandika kitabu kuhusu TAZARA, kilitoka mwaka 2009, na ndani yake anaeleza jinsi watu wa bonde la Kilombero walivyoigeuza treni ya kawaida kuwa soko lao, wanapanda na magunia kituo kimoja wanashuka kingine. Waliojenga waliwaza shaba na uhuru, watu wakawaza mchele na nyanya. Bibi yangu hajasoma Monson lakini anasema jambo hilo hilo. Watu wa njiani nao walichukua sehemu yao ya reli, bila kumwomba mtu ruhusa wala kuandikwa.

Sasa tuje karibu. Kwa muda mrefu ofisi zilikuwa mbali nasi, halafu ghafla zikaanza kutufuata. Mtu mzima wa Mpemba ambaye hajahama nyumba yake alikuwa wilaya ya Mbozi, mwaka 2012 akawa wilaya ya Momba, kisha ikaja Halmashauri ya Mji wa Tunduma akawa mtu wa mjini. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulipokatwa kutoka Mbeya akawa mtu wa Songwe. Wilaya mbili, mikoa miwili, kijiji na mji, na bado anachota maji pale pale! Tunatania nyumbani kwamba kila tukilala tunaamka kwingine.

Ila hilo la kijiji kuwa mji si la kucheka tu. Wale wa sheria watanirekebisha, lakini mwaka 1999 zilipitishwa sheria mbili za ardhi, Na. 4 na Na. 5. Ile ya vijiji inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na mkutano wa kijiji una sauti. Mahali pakishakuwa mji, kijiji kinakuwa mtaa, na ardhi inahamia kwenye mambo ya mipango miji, upimaji, michoro, viwanja. Kilichokuwa shamba la ukoo, ambalo mpaka wake ni mti na kichuguu na kumbukumbu ya mzee, sasa kinatakiwa kiwe na namba. Mwenye namba anasikilizwa, mwenye kumbukumbu anaambiwa asubiri.

Na wakati huo huo vitu vinavyopita vimeanza kusimama. Tunduma kwenye sensa ya 2022 ilikuwa imeshapita watu 200,000. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha pale mpakani ili malori yasikaguliwe mara mbili. Kazi imerahisika, lakini mizigo nayo imeongezeka, shaba ya Kongo na Zambia inashuka, mafuta na mbolea na magari yanapanda. Kuna nyakati foleni imerudi nyuma kutoka mpakani mpaka kwetu. Dereva analala barabarani siku kadhaa. Anahitaji kula, kuoga, kuchaji simu, mahali salama pa kuegesha. Hapo ndipo thamani ya Mpemba ilipopanda. Nafasi ya wazi kando ya lami, karibu na mpaka lakini nje ya msongamano, yenye njia ya Malawi pembeni: kila mwenye mtaji anaiona. Yadi, maghala, gesti, vituo vya mafuta. Reli nayo inazungumzwa upya, tangu Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China waliposhuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA.

Mi sipingi maendeleo. Mimi mwenyewe ada yangu imetoka kwenye mahindi yaliyopakiwa lori. Lakini likizo iliyopita jambo lilifika sebuleni kwetu. Mtu alitaka kununua sehemu ya shamba la ukoo aweke yadi ya malori. Bei aliyotaja ilifanya wajomba wasiopigiwa simu miaka mitano wapigiwe simu. Kikao kikakaa: baba mkubwa, baba mdogo, shangazi wawili, na bibi kwenye kiti chake. Baba mdogo alikuwa na hoja nzito, sitaki kumdharau hapa. Ana watoto wanne, shamba limechoka, mbolea ghali. "Mama, tukikataa leo, kesho barabara itapanuliwa tutaondoka kwa fidia ndogo." Hakuna aliyemjibu haraka kwa sababu hakusema uongo.

Bibi akauliza swali moja tu. "Mnauza kuanzia wapi mpaka wapi?"

Kimya. Baba mkubwa akaonyesha mkono kuelekea kwenye miti. Bibi akauliza, miti ipi? Ikaonekana kwamba katika watu wazima wote waliokuwa pale, ni bibi peke yake aliyejua mpaka wa zamani unapita wapi, nani alimpa babu kile kipande cha chini na kwa sababu gani, na kwamba ukiacha makaburi matatu yenye saruji, kuna mengine mawili yasiyo na alama yoyote, la mtoto na la mgeni. Mgeni gani? Mtu aliyekuwa anapita njia, aliugua, akafia kwao, hawakujua kwao ni wapi, wakamzika. Bibi hakumbuki mwaka. Anakumbuka kwamba alikuwa anaulizia njia ya kwenda migodini.

Nilibaki nimeduwaa. Hapa chuoni tumesoma uhamaji wa vibarua muhula mzima, na asilimia, na nadharia, na mimi nilikuwa nimechunga ng'ombe juu ya kaburi lake.

Walikubaliana kuuza sehemu ya juu tu, ile ya kando ya lami, na kabla ya hapo mipaka iandikwe. Kazi ya kuandika nikapewa mimi "msomi". Nilitembea na bibi siku mbili, taratibu kwa sababu ya magoti yake. Yeye anasema, mimi naandika: mti, mfereji, alikolima fulani, alikohamia fulani. Zikatoka karatasi nne za daftari na ramani mbaya sana niliyochora kwa kalamu ya wino. Mwenyekiti wa mtaa akazisoma akasema ziko vizuri, akaomba nakala. Kisha jirani akaja kuomba na kwake niende nikaandike, kwa sababu mzee wake naye ndiye pekee anayejua. Mpaka narudi chuo nilikuwa nimeandika mashamba matatu.

Kwa hiyo wadau, ukiniuliza historia ya Mpemba ipo kwenye kitabu gani, bado sina cha kukuonyesha zaidi ya daftari hilo. Ila nimeshajifunza kitu ambacho darasani nilikuwa nakiona kidogo. Tunadhani mahali pasipo na faili hapana historia. Kumbe mara nyingi faili zipo, zinahusu mambo yaliyopita njiani, na nusu ya pili wanayo wazee. Ukiziweka pamoja ndipo mahali panaonekana. Shida ni kwamba faili la reli litakuwepo hata miaka mia ijayo, lakini bibi ana magoti mabaya, na mnunuzi anapiga simu kila wiki.

Najua wengi wenu mnatoka sehemu za namna hii: Mlandizi, Makambako, Mlowo, Mikumi, Himo, Segera. Sehemu ambazo watu wanazijua kwa kununua vitunguu dirishani. Likizo ijayo fanya hivi, haikugharimu chochote. Tafuta mtu mzima kuliko wote ukoo wenu, mwamkie, kaa chini. Usimuulize "historia", atakwambia mambo ya redioni. Muulize shamba linaanzia wapi. Muulize nani kazikwa ambaye si ndugu. Muulize barabara ilipokuja yeye alianza kuuza nini. Andika kama anavyosema, weka na jina la mti.

Mimi nikienda mwezi wa saba kuna wazee wengine wawili wananisubiri, mmoja upande wa reli na mwingine huko huko kwa dada yake bibi, ng'ambo. Nitawaletea nitakachopata. Na ukipita Mpemba kabla ya hapo, konda akiuliza "Mpemba wapo?", hata kama hushuki, amka uangalie dirishani. Mkono wa kushoto, pale njia inapochepuka kwenda Malawi.

Haya, narudi kwenye madesa. Tuko pamoja.